Upimaji wa hofu ya UVIKO-19 (Zanzibar)

Upimaji wa hofu ya UVIKO-19 ni njia ya kukadiria, kwa hojaji, kiasi ambacho mtu ametawaliwa na woga wa ugonjwa huo. Kipimo kilichoenea zaidi kilichapishwa mwaka 2020 na Ahorsu na wenzake. Kina kauli 7, kila moja ikipewa alama 1 hadi 5, hivyo jumla huwa kati ya 7 na 35. Mhojiwa huulizwa kama anaogopa kufa, kama moyo humwenda mbio, kama viganja hutoka jasho, kama usingizi humpaa.

Kisiwani Unguja, ambako mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 2020, kauli hizo hazitoshi. Mojawapo yahusu wasiwasi wa kufuatilia habari za ugonjwa, ilhali Tanzania iliacha kutoa takwimu wiki chache baadaye, na watu wakabaki na habari za barazani na za simu. Mji Mkongwe ulikuwa na hofu nyingine, pengine kubwa zaidi: watalii walikatika, na riziki ikakatika nao. Kipimo hakiiulizi.

Lipo pia suala la kusema wazi. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, aliyefariki 17 Februari 2021, alikuwa miongoni mwa viongozi wachache ambao maambukizi yao yalitangazwa hadharani. Penye ukimya wa namna hiyo, alama ndogo kwenye hojaji yaweza kuwa stara tu.