Kung'oa kabini ya pikapu ya zamani: Hatua inayoamua uhai wa gari

KUONDOA kabini ya pikapu ya zamani ndiko kunakotenganisha ukarabati kamili na upakaji rangi wa juujuu. Kabini inapoinuliwa kutoka kwenye chesi, ndipo mwenye gari hubaini kwa mara ya kwanza iwapo alicho nacho ni chuma kizima au ni kutu iliyofunikwa kwa bati. Hata hivyo, kazi hiyo ikifanywa kwa pupa, huweza kuliangamiza gari ambalo lingehudumu kwa miaka mingine mingi.

Suala hili lina uzito wa pekee katika kaunti za Migori na Homa Bay, eneo lililojulikana zamani kama Wilaya ya Nyanza Kusini. Kwa miongo mingi, pikapu zimebeba samaki kutoka fuo za Mbita, Sori na Muhuru Bay, tumbaku kutoka mashamba ya Migori, na vibarua na vifaa katika mashamba ya miwa yanayozunguka Awendo. Baadhi ya magari hayo yangali nyuani mwa maboma na katika karakana za jua kali, yakisubiri fundi mwenye subira.

Pikapu nyingi za enzi hizo ziliunganishwa humu humu nchini. Miaka ya 1970 ilishuhudia kuanzishwa kwa viwanda vya Leyland mjini Thika, AVA mjini Mombasa na General Motors jijini Nairobi, ambacho tangu mwaka wa 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Si rahisi tena kupata gari la aina hiyo kutoka ng'ambo. Kiwango cha ubora cha KS 1515, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango nchini (KEBS), huzuia kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo, anayeharibu kabini ya pikapu ya mwaka wa 1978 hana budi kutafuta nyingine miongoni mwa mabaki yaliyomo nchini.

Aina tatu za kabini

Jambo la kwanza ni kufahamu jinsi gari lilivyojengwa. Katika pikapu kama Toyota Hilux, Datsun 620 na Isuzu KB, kabini ni kipande kimoja kilichokalishwa juu ya chesi na kufungwa kwa bolti zenye mipira ya kupunguza mtikisiko. Kabini ya namna hii huinuliwa ikiwa nzima.

Land Rover, gari lililozinduliwa mwaka wa 1948, lina mpango tofauti. Paa, ukuta wa nyuma, milango na sanduku la viti hufunguliwa kimoja baada ya kingine. Sehemu kubwa ya bati lake ni aloi ya alumini, ilhali chesi na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni vya chuma. Metali hizo mbili zinapogusana penye unyevu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Hivyo, fundi hukagua zaidi mahali zinapokutana.

Kundi la tatu ni la magari kama pikapu ya Peugeot 504, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1979. Kabini yake imechomelewa pamoja na fremu. Kujaribu kuitenganisha ni sawa na kulikata gari vipande viwili, na ukarabati wake hufanywa kabini ikiwa mahali pake.

Maandalizi

Gari huegeshwa penye sakafu tambarare na magurudumu kuzuiwa kwa magogo au mawe. Betri huondolewa mwanzo, kisha petroli na maji ya redieta humwagwa katika vyombo. Mafuta ya breki hushughulikiwa kwa uangalifu kwa kuwa huharibu rangi yanapoimwagikia.

Sanduku la mizigo la nyuma hutangulia kuondolewa ili kupata nafasi. Boneti, madigadi na redieta hufuata. Baada ya hapo hutenganishwa kila kinachounganisha kabini na chesi au injini: nguzo ya usukani, mkono wa gia, waya wa breki ya mkono, waya wa eksileta, waya wa spidomita, mabomba ya breki na klachi, mipira ya maji ya kipasha joto iwapo kipo, na nyaya zote za umeme, ukiwemo ule mfupi unaounganisha bodi na injini. Waya huu wa mwisho husahaulika mara nyingi, na ndio hukatika kabini inapoanza kupaa.

Kila waya hufungwa kibandiko chenye maandishi, na kila hatua hupigwa picha kwa simu. Ukarabati huweza kuchukua miezi au hata miaka kadhaa, na fundi aliyefungua huenda asiwe ndiye atakayefunga.

Bolti za kabini zilizokaa miaka arobaini hazifunguki kwa nguvu pekee. Hupakwa mafuta ya kulainisha kutu siku kadhaa kabla, na kupakwa tena. Baina ya kabini na chesi huwa kuna vipande vyembamba vya bati au washa vilivyowekwa kusawazisha kimo. Idadi ya vipande hivyo katika kila bolti sharti iandikwe, kwani ndivyo vinavyofanya milango ifunge sawasawa.

Kuiimarisha kabla ya kuinua

Hapa ndipo kabini nyingi huharibikia. Mlango ukiwa wazi, kinachoishikilia kabini kwa chini ni kizingiti na sakafu, na hizo ndizo sehemu zinazooza kwanza. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kama ya bahari, lakini tope la barabara za udongo hujikusanya ndani ya vizingiti na kuhifadhi unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika. Kwenye gari la samaki, barafu inayoyeyuka huongeza maji hayo kila safari.

Kabini yenye sakafu mbovu ikiinuliwa bila kuimarishwa, hujikunja kwa uzito wake yenyewe. Nguzo za mlango husogeleana, na hata sakafu mpya ikichomelewa baadaye, mlango haurudi mahali pake. Kinga ni kupima nafasi zinazozunguka milango ikiwa imefungwa, kisha kuchomelea vyuma vya mraba ndani ya kabini, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma na kutoka upande mmoja hadi wa pili. Vyuma hivyo haviondolewi hadi sakafu na vizingiti vipya viwe vimekamilika.

Kuinua

Kabini iliyoondolewa viti, vioo na milango huweza kuinuliwa na watu kadhaa wenye nguvu, au kwa kapi ya minyororo iliyotundikwa kwenye boriti imara. Uzito hubebwa na mihimili inayopita chini ya sakafu, karibu na mahali pa bolti. Paa na fremu ya kioo cha mbele havikuundwa kubeba mzigo huo.

Kabini huinuliwa kidogo kidogo huku kila upande ukikaguliwa, kisha chesi husukumwa na kutolewa chini yake. Mtu yeyote asipite wala kuingiza mkono chini ya kabini inayoning'inia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 hutaka minyororo na vifaa vya kuinulia kukaguliwa na mtu aliyehitimu. Tawi la mwembe, ambalo mafundi wengi hulitumia, halina wa kulithibitisha.

Nambari ya chesi

Chesi ikiwa wazi, hugongwa kwa nyundo kutafuta sehemu laini, na hupimwa pembe hadi pembe kuona kama imepinda. Kabla ya kusugua kutu kwa mashine au kukata kipande chochote, nambari ya chesi itafutwe, ipigwe picha na kulindwa. Nambari hiyo ndiyo iliyo katika hati ya usajili chini ya Sheria ya Trafiki, na usajili husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Gari lililofutika nambari huwa vigumu kuuzwa au kuhamishiwa jina jingine, hata likiwa limekarabatiwa vizuri kiasi gani.

Kuirudisha kabini hufuata hatua zile zile kinyumenyume. Mipira mipya huwekwa, vipande vya kusawazisha hurejeshwa kwa idadi iliyoandikwa, na bolti zote huingizwa zikiwa zimelegezwa. Milango hutundikwa na kufungwa mara kadhaa. Inapofunga bila kulazimishwa, ndipo bolti hukazwa.