Ua la Bustani Lililoingia Mashambani Pemba

Ukitoka Konde kuelekea msitu wa Ngezi, angalia kingo za njia na mashamba yaliyoachwa. Kichaka chenye maua ya kupendeza kinachokukwaruza ukikipita karibu huenda ni lantana. Shina lake lina pembe nne na vimiiba vilivyopinda. Majani hukaa mawili mawili, yanakwaruza kama msasa, na ukiyafikicha hutoa harufu kali. Kishada kimoja huwa na rangi mbili: vijiua vichanga katikati ni vya njano, vya pembeni vimeshageuka waridi au rangi ya chungwa.

Asili ya mmea huu ni Amerika ya kitropiki. Waholanzi waliupeleka Ulaya karne ya 17, Linnaeus wa Sweden akaupa jina la kitaalamu mwaka 1753, na karne ya 19 Waingereza wakaupanda India. Baadaye ukafika Afrika Mashariki. Katika safari hiyo yote haukwenda wenyewe: watu waliubeba kwa mikono yao, kwa sababu ya uzuri.

Pemba ulikuta ardhi tayari. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndicho kisiwa cha karafuu; msitu ukafyekwa kupisha mashamba. Lantana hupenda hasa mahali palipofyekwa kisha pakaachwa juani. Kwenye kivuli kizito hunyong'onyea. Kwa hiyo naamini kila mti mkubwa unaobaki Ngezi ni ulinzi dhidi yake.

Sumu ya lantana huharibu ini la mifugo. Macho ya ng'ombe aliyeula hugeuka manjano, na ngozi yake, hasa pasipo na rangi, huungua kwa jua. Mnyama aliye huru huukwepa. Wa kwetu hufungwa kamba, na kiangazi nyasi zikiisha hana pa kwenda.

Wataalamu walijaribu njia ya mkato ya kuupunguza. Wadudu walioletwa Uganda miaka ya 1960 kuula lantana walionekana wakishambulia ufuta, chakula cha watu.

Kwa hiyo kazi inabaki kwa jembe. Usiukate ukaacha kisiki, maana huchipua tena. Ung'oe na mizizi wakati wa masika udongo ukiwa laini, kabla matunda hayajawa meusi na ndege kuyasambaza. Na tafadhali, usiupande kuwa uzio wala usimfunge ng'ombe wako karibu nao.