Nyumba Ndogo Ndani ya Basi: Ufipa Walilala Humo Kabla Haijawa Fasheni

Ukitaja "nyumba ndogo" Bongo, watu wanageuka haraka kutafuta skendo. Tulia, hapa hakuna mchepuko. Ni nyumba ndogo kweli: basi la shule lililostaafu, viti vimeng'olewa, ndani kuna kitanda, jiko na kabati.

Historia inayosimuliwa mtandaoni huanzia Marekani. Mwaka 1939 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakakubaliana viwango vya mabasi ya shule, ikiwemo ile rangi ya njano. Mwaka 1964 mwandishi Ken Kesey na washkaji zake wakachukua basi la shule la mwaka huohuo wa 1939, wakalipaka rangi za kila aina na kukatiza nchi nzima nalo. Mahipi wakafuata. Leo ni video za mamilioni ya watazamaji.

Sasa njoo Sumbawanga. Kabla ya lami, barabara ya kutoka Tunduma, kilometa zaidi ya 220, ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Basi likizama katikati ya Mpui na Laela usiku, gesti utaitoa wapi? Watu walilala humohumo. Utingo na koleo lake, mama na mtoto mgongoni, mzee aliyebeba kuku: wote wakawa familia moja hadi asubuhi. Khanga ikawa shuka, gunia likawa mto. Majina yao hayakuandikwa popote, ila ndio waliolijua basi kama nyumba.

Na walijua shida yake: baridi. Sumbawanga mjini ni kama meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai huwa hakuna utani. Bati la basi linapoa haraka, pumzi za watu zinageuka matone kwenye vioo, na alfajiri kila mtu ameloa kidogo.

Nyumba ya zamani ya Mfipa ilikuwa na akili kuliko hilo basi. Ukuta wa miti na udongo ulitunza joto la mchana. Paa la nyasi lilizuia baridi, na moshi wa jikoni ulipenya taratibu ukatoka. Nyumba ilikuwa inapumua.

Ila haikuwa na magurudumu, na hilo liliuma baadaye. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini pamoja sasa ni amri, na hadi 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa. Kuna sehemu nyumba zilibomolewa ili watu wasirudi. Anayehamisha basi lake leo anachagua mwenyewe wapi pa kuegesha. Waliohamishwa enzi zile walichaguliwa pa kwenda, wakaanza upya kufinyanga ukuta. Kuhama kwa raha na kuhamishwa si kitu kimoja hata kidogo.

Halafu kuna hii ya kuchekesha. Mwaka 2008 Marekani ilisaini na Tanzania mkataba wa msaada mkubwa, na sehemu ya fedha hizo ikaweka lami Tunduma hadi Sumbawanga. Yaani wakati Wamarekani wanahamia ndani ya mabasi, hela yao iliwasaidia watu wa Rukwa kuacha kulala ndani ya mabasi!

Sasa mtu akitaka kutengeneza nyumba ya basi Ufipa, somo lipo tayari. Coaster ina urefu wa kama meta 7 na upana wa meta 2. Ukitoa sehemu ya dereva, inabaki nafasi inayokaribia chumba cha futi 10 kwa 10, na wangapi wamepanga humo na familia? Kitanda kikae juu ya droo. Meza ikunjwe ukutani. Kabla ya mbao za ndani, kati ya bati na mbao lazima kuwe na kitu cha kuzuia baridi, kama sponji ngumu, sakafuni na kwenye paa pia. Bila hivyo umetengeneza friji yenye mapazia.

Na la mwisho halina mjadala: jiko la mkaa lisiingie ndani ya basi lililofungwa. Paa la nyasi lilipumua, bati halipumui. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Pika nje, au weka jiko lenye bomba la kutolea moshi, na dirisha moja lisifungwe kabisa, hata baridi ikiwa kali vipi.

Uzuri wa nyumba ndogo hauishii kwenye picha. Unaonekana saa kumi alfajiri, Julai, Sumbawanga. Wewe ungetoboa?