Wasimulizi wa Mafia na Wanavyuoni Waliowasikiliza

Mtu wa Kiegeani, kusini mwa Kisiwa cha Mafia, hana haja ya kwenda mbali kukuta habari iliyo kongwe kuliko kitabu chochote kilichoandikwa juu ya kisiwa hicho. Ng'ambo ya maji, upande wa mashariki, kipo kisiwa cha Juani na magofu ya Kua. Upande wa magharibi, penye rasi, ulikuwapo mji wa Kisimani, ambao sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari. Yasimuliwa kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua siku ya kulishusha majini, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, na chombo kikapitishwa juu ya miili yao. Watu wa Kua hawakulipiza siku ile. Walingoja miaka, hata chuki ilipodhaniwa kuwa imezimika, wakawaalika wale wa Kisimani arusini, katika chumba kilichojengwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu wa kuwazungumza wageni, na mlango ukazibwa kwa mawe. Hata katika kisa hiki, basi, silaha ya mwisho ilikuwa ulimi wa msimulizi.

Hapana budi kutofautisha. Ngano hufunguliwa kwa "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!", habari za wazee hazifunguliwi hivyo, kwa maana msikilizaji anatakiwa aamini. Aliyezikusanya habari za Mafia kwa bidii alikuwa Kadhi Amur Omar Saadi. Lakini zilipochapwa katika *Tanganyika Notes and Records* mwaka 1941 zilitoka kwa Kiingereza, na katika kuvuka huko tofauti ya ngano na habari hupotea upesi. Edward Steere, katika kitabu chake cha hadithi za Unguja cha mwaka 1870, alikuwa ameuweka Uswahili ukurasa mmoja na Uingereza ukurasa wa pili. Ni ajabu kwamba desturi njema kama hiyo haikufuatwa siku zote.

Mwaka 1965 alifika Mafia mwanamke kijana kutoka Uingereza, Pat Caplan, akijua Kiswahili alichojifunza London. Makao yake yalikuwa Kanga, kaskazini mwa kisiwa. Baadaye alikuwa profesa wa anthropolojia katika chuo cha Goldsmiths, lakini hakuiacha Mafia. Alirudi mara kwa mara kwa miaka mingi, akisikiliza watu wale wale wakizeeka. Jambo lake kubwa, aghalabu lisilotajwa vya kutosha, ni kwamba hakutosheka na kuuliza maswali. Alimwomba mkulima mmoja, aliyempa jina la Mohammed ili kulificha jina lake la kweli, aandike mwenyewe shajara ya siku zake kwa Kiswahili. Hivyo msimulizi alishika kalamu, akachagua mwenyewe la kuanza nalo na la kunyamazia.

Matunda yake ni kitabu cha mwaka 1997, *African Voices, African Lives*, ambamo mume, mke na binti yao husimulia kila mmoja kwa upande wake, wala mwandishi hakuwalazimisha wapatane. Wanafunzi wanaokisoma hujifunza kwamba maisha ya mtu mmoja yana wasimulizi wengi. Hata hivyo kitabu kilitoka kwa Kiingereza, na maneno ya shajara yakawa yamevuka bahari kama zile habari za Kadhi. Caplan hakuliacha jambo hapo: maisha ya Mikidadi, mwanaharakati wa kisiwa hicho, yalitolewa pia kwa Kiswahili, *Mikidadi wa Mafia*, yaweze kusomwa na jamaa zake.

Lakini Kanga si Mafia yote. Kaskazini ni mbali na Kua, na mtu wa Kiegeani akisimulia habari ya arusi ile husimulia ya majirani zake.