Picha ya wawili: Mambo ya kuzingatia kabla ya kusimama mbele ya kamera

PICHA ya mume na mke huonekana kuwa jambo dogo hadi siku mmoja wao anapofariki dunia. Hapo ndipo familia hupekua masanduku na simu ikitafuta picha moja tu inayowaonyesha wawili hao wakiwa pamoja, na mara nyingi huambulia picha za pasipoti, kila mmoja peke yake, zilizopigwa kwa miaka tofauti.

Hali hiyo ni ya kawaida zaidi katika miji iliyo mbali na studio kubwa. Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, ni mmoja wa miji hiyo. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Rukwa, na safari ya kutoka Inyonga hadi Mpanda mjini ni ya zaidi ya kilometa 100. Wanandoa wanaolipia picha ya kumbukumbu huenda wasirudie tena kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, maandalizi yana uzito kuliko kamera yenyewe.

Kukubaliana kabla ya yote

Jambo la kwanza ni wahusika kuelewana picha hiyo ni ya nini. Picha ya kutundika sebuleni, ya kadi ya mwaliko wa harusi na ya kuwatumia ndugu walio mbali hazipigwi kwa namna moja. Ya ukutani huhitaji utulivu na nafasi ya kutosha pembeni; ya kadi huhitaji sehemu tupu ya kuandikia maneno.

Mkao nao huzungumzwa nyumbani. Wapo wasioona shida kukumbatiana mbele ya kamera, na wapo wanaojua kwamba picha hiyo itaonwa na wakwe. Aliyelazimishwa mkao asioupenda huonekana usoni, na hakuna mpiga picha awezaye kuifuta haya hiyo. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi. Katika nyumba ya namna hiyo ni busara mume kuamua mapema kama kila mke atapigwa naye picha yake, kwa ukubwa uleule, ili ukuta wa sebule usije ukawa chanzo cha ugomvi.

Ikumbukwe pia kwamba picha, hata iwe nzuri namna gani, haichukui nafasi ya cheti cha ndoa.

Jua la Inyonga huchelewa

Makosa mengi hutokea kwenye kuchagua saa. Tanzania nzima hutumia saa moja, lakini Inyonga iko takriban digrii saba za longitudo magharibi ya Dar es Salaam, na kila digrii ni sawa na dakika nne za mwendo wa jua. Kwa hiyo jua la Inyonga hufika utosini karibu nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, yaani karibu na saa 7 mchana.

Mwanga wa utosini hutia vivuli vyeusi machoni na chini ya pua. Wanandoa wanaopangiwa saa 8 mchana kwa kudhani kwamba jua limekwisha pungua ukali hukuta bado liko juu. Jua huzama Inyonga kati ya saa 12:40 jioni na saa 1:20 usiku kutegemea mwezi. Muda mwafaka basi ni kuanzia saa 11:15 jioni, au asubuhi kabla ya saa 2:30. Ikiwa hakuna budi kupiga mchana, kivuli cha mti mkubwa au cha baraza hufaa kuliko uwanja wa wazi, mradi nyuso zielekee upande wenye mwanga.

Majira nayo yana faida na hasara zake. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, hakina hofu ya mvua, lakini vumbi jekundu hushika nguo na moshi wa nyika zinazoungua hufifisha rangi za mbali. Kuelekea mwisho wa kiangazi miti ya miombo huchipua majani yenye rangi ya shaba, na mandhari hayo hupendeza pasipo pazia lolote. Wakati wa mvua kila kitu huwa kijani, ila lazima iwepo siku ya akiba.

Wanaotamani kupigia picha zao katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, watafute habari za viingilio na vibali mapema, hasa wanapoongozana na mpiga picha wa kulipwa.

Mavazi na mikao

Si lazima wawili wavae sare. Inatosha rangi zao zisigombane: mmoja akivaa kitenge chenye maua makubwa, mwenzake avae rangi moja iliyomo ndani ya kitenge hicho. Mistari myembamba iliyosongamana huleta mawimbi katika picha za kidijitali. Nguo nyeupe tupu kando ya ngozi nyeusi humtaka mpiga picha awe makini, kwani kamera hufuata weupe wa nguo na kuacha uso gizani. Nguo ipigwe pasi, na viatu vifutiwe papo hapo.

Utaratibu wa mpiga picha kupanga mikao ni wa zamani katika Afrika Mashariki. Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mjini Mombasa N. V. Parekh alijulikana kwa picha za wateja waliopangwa kwa uangalifu, wakiwamo wapenzi na wanandoa. Kanuni zenyewe ni nyepesi: aliye mfupi asiachwe chini mno, mikono ipewe kazi, na wazee waketi kwenye kiti imara badala ya kusimamishwa muda mrefu. Mwenye miwani ainamishe uso kidogo ili kioo kisimetemete.

Mkataba na utunzaji

Kabla ya kutoa malipo ya awali ni vyema kuandika idadi ya picha, ukubwa wake, tarehe ya kukabidhiwa na nani atabaki na nakala halisi. Wanandoa waseme pia kama wanaridhia picha yao ibandikwe dukani au mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imewapa wananchi msingi wa kuuliza taarifa zao zinatumiwaje.

Picha ya inchi 8 kwa 10 yenye ubora wa kutundikwa huhitaji takriban nukta 2,400 kwa 3,000. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na ikisafishwa hutoka na ukungu. Nakala halisi ichukuliwe kwa kadi ya kumbukumbu, au itumwe kama faili, kisha ihifadhiwe sehemu mbili tofauti, kwani simu hupotea na huharibika.

Hatimaye, angalau nakala moja isafishwe kwenye karatasi. Nyuma yake, pembeni na bila kukandamiza kalamu, yaandikwe majina kamili ya wawili hao, mahali na tarehe. Wajukuu watakaoikuta hawatakuwa na mtu wa kumuuliza.