Jino la Mbegha: Taji Hudumu Miaka Mingapi?

Mtu akiambiwa na daktari wa meno kwamba jino lake linahitaji kuvalishwa taji, swali la kwanza huwa ni bei. La pili ni hili: litadumu miaka mingapi?

Jibu la kawaida ni miaka 10 hadi 15. Lipo linalofika 20 au 30, hasa la dhahabu au chuma, na lipo linalong'oka kabla ya mwaka wa tano. Ukichukua mataji 10 yaliyotengenezwa vizuri, zaidi ya 9 bado yatakuwa kinywani baada ya miaka 5. Lakini ukimuuliza daktari kwa nini hilo moja limeshindwa, mara nyingi hatalaumu taji lenyewe. Atakwambia jino lilioza pembeni, pale taji linapokutana na ufizi. Au saruji iliyolishikilia ililegea. Au mzizi ulipasuka. Taji halina uhai wake peke yake, linaishi kwa uhai wa kile kilicho chini yake.

Nalipenda neno hili, taji, kwa sababu Kiswahili kimelipa kazi mbili: cha mfalme na cha jino. Wapo wanaosema kofia ya jino, na si vibaya, ila kofia haina historia ya kutisha kama taji. Na kama kuna mahali Afrika Mashariki ambapo kazi hizo mbili zilikutana katika kinywa cha mtu mmoja, ni milima ya Usambara.

Habari yenyewe iko katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy, mtu wa pwani aliyekaa miaka mingi Usambara karibu na watawala na baadaye akawa liwali. Aliiandika kwa Kiswahili, ikachapishwa kwa vipande na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikatolewa upya miaka ya 1960 chini ya uhariri wa J.W.T. Allen. Wanahistoria huisoma kama chanzo. Sisi wapenda fasihi tungeisoma kama mojawapo ya kazi kubwa za nathari ya Kiswahili, lakini hilo ni la siku nyingine.

Kwa mujibu wa simulizi hiyo, huko Nguu alizaliwa mtoto aitwaye Mbegha, na meno yake ya juu yakaota kwanza. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego. Neno bado limo kwenye kamusi zetu, na bibi zetu wengi wanalijua. Kigego alikuwa mkosi, na katika jamii nyingi za ukanda huu, kuanzia pwani hadi milimani, mtoto huyo aliweza kuuawa au kutupwa. Mbegha akanusurika, akakua, akawa mwindaji hodari wa nguruwe. Lakini wazazi walipofariki ndugu zake wakamnyima urithi. Wewe ni kigego, una haki gani hapa? Akaondoka. Akaenda Kilindi, akapata rafiki, mtoto wa mkubwa wa huko. Rafiki akafa mawindoni, Mbegha akakimbia tena na mbwa wake, mikuki yake na vijana wachache, hadi akaingia Usambara.

Huko akawa mtu wa kugawa nyama. Nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba ya watu, yeye akawaua, watu wakampa vyakula vya shamba, yeye akawapa nyama. Akaoa Bumbuli. Watu wa Vuga wakamwita aje kwao, na njiani usiku akaua simba. Ndipo likatoka jina la cheo la wafalme wote waliomfuata: Simba Mwene. Wanahistoria huliweka jambo hili katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Sasa hebu turudi kwenye meno. Kwa kawaida mtoto huota meno mawili ya mbele ya chini akiwa na miezi 6 hivi, na ya juu hufuata baada ya mwezi mmoja au miwili. Wachache huanza na ya juu. Hakuna ugonjwa hapo, hakuna laana, ni mpangilio tu, kama vile mtoto mmoja anavyotangulia kutembea na mwingine kusema. Zaidi ya hapo, hayo ni meno ya utoto. Meno ya mbele ya juu hung'oka mtoto akiwa na miaka 7 au 8. Kama Mbegha alikuwa mtu wa nyama na damu, basi yale meno yaliyomtia hatiani yalikuwa yameshadondoka zamani siku ndugu zake walipokaa kugawa mali. Kinywani mwake hapakuwa tena na ushahidi wowote. Kilichobaki ni neno.

Hapa ndipo simulizi hii inaponikaba. Meno yalidumu miaka 7. Jina la kigego likadumu maisha yake yote. Na kiti alichokalia kwa sababu alifukuzwa kikadumu zaidi ya miaka 200.

Kilidumu vipi? Usambara walikuwa na msemo wao kuhusu mfalme: kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, na kuna kubana shi, kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu kamili aliiponya nchi. Mvua ilinyesha, watu walikula. Wafalme wanaoshindana waliiharibu. Katika enzi ya Kimweri ye Nyumbai nchi ilishikamana, na Johann Ludwig Krapf aliyemtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852 alikuta mtawala anayeheshimika hadi pwani. Kimweri alifariki mwaka 1862. Baada yake mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara na akapata bunduki kwa biashara, aligombana na mrithi wa Vuga, na mwaka 1868 Vuga ikachomwa moto. Mwaka 1895 Wajerumani wakamnyonga Mputa, mwana wa Semboja. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, jina la mfalme wao wenyewe.

Waingereza walipokuja wakakirudisha kiti katika miaka ya 1920, maana walitaka kutawala kupitia machifu. Kwa lugha ya kliniki, walikibandika upya kwa saruji yao. Lakini chini palikuwa pameanza kuoza. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni ililazimisha kazi za kuzuia mmomonyoko wa udongo, kwanza bonde la Mlalo, na chifu akawa ndiye msimamizi wa amri hizo. Watu wakamtazama wakauliza: huyu anaiponya nchi au anaiharibu? Upinzani ukawa mkubwa hadi mpango ukaachwa mwaka 1957. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, sheria ikafuta uchifu nchi nzima. Taji la Wakilindi likatoka. Tukitumia maneno ya daktari wetu: lilishindwa pembeni, pale lilipokutana na watu.

Ningeweza kuishia hapo, ingekuwa hadithi tamu ya mtoto aliyedharauliwa akawa mfalme. Tunazipenda hadithi za hivyo. Lakini isome tena taratibu. Simulizi haisemi popote kwamba ndugu zake walikosea kuhusu kigego. Haisemi meno ya juu hayana maana. Inasema kinyume chake: huyu kweli alikuwa mtu wa hatari, na hatari hiyo ndiyo ikawa nguvu ya ufalme. Ilimwinua Mbegha, imani ikabaki palepale. Simulizi ilimwokoa kigego mmoja. Vigego wengine wa milima ile na mabonde yake, waliokufa wakiwa na meno mawili kinywani, hawana kitabu wala jina.

Na usidhani ni mambo ya kale tu. Katika miongo ya karibuni madaktari wa meno nchini wamekutana na watoto waliokatwa fizi ili kuondoa kinachoitwa meno ya nailoni, au ya plastiki. Mtoto ana homa, anaharisha, mtu anatazama fizi, anaona uvimbe mweupe, na uvimbe huo ni jino changa la kawaida linalojiandaa kutoka. Linachokonolewa. Kuna watoto waliovuja damu, waliopata maambukizi, na wengine meno yao ya ukubwani yaliharibika kabla hayajaota. Kisa kimebadilika jina tu. Bado ni mtu mzima anayesoma bahati mbaya ya nyumba katika kinywa cha mtoto asiyeweza kujitetea.

Kila jino, hata lile la mtoto mchanga, huzaliwa na taji lake. Ndivyo madaktari wanavyoiita sehemu inayoonekana juu ya ufizi, iliyofunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Ikishalika haioti tena, ndiyo maana wanadamu wamehangaika na mataji ya bandia tangu Waetruski wa Italia walipofunga meno kwa utepe wa dhahabu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, hadi Charles Land wa Detroit alipotengeneza taji la kaure mwishoni mwa karne ya 19. Ufundi umekua na miaka imeongezeka.

Ila taji lile la kwanza, la kuzaliwa, linahitaji ulinzi wa aina nyingine kwanza: aliyelizaa alitazame na kuona jino, basi.