UZI: Ukuta wa Lokori na mpaka ambao haujachorwa

Kila msimu wa siasa Turkana mada hii hurudi. Fulani amejenga ukuta, fulani amefunga njia ya mbuzi, kaunti ibomoe au inyamaze? Upande mmoja unasema ni maendeleo, mwingine unasema ni unyakuzi. Lakini huo ukuta ulikuja mwisho kabisa, kwa hivyo tuanze nyuma kidogo.

Zamani ua ulikuwa wa miiba. Awi, yaani boma, lilizungushiwa matawi ili mifugo ilale salama, na familia ikihama ua unabaki pale, unaoza. Hakuna aliyedai kwamba udongo ulio ndani umekuwa wake milele.

Msidhani basi kwamba Waturkana hawakuwa na mipaka. Kando ya Turkwel na Kerio kuna ekwar: familia ina haki juu ya miti ya ukingoni, hasa ewoi (mgunga), ambayo maganda ya mbegu zake huwaokoa mbuzi wakati wa kiangazi. Haki hiyo hurithiwa. Mpita njia anaweza kupumzika kivulini, lakini akitaka kuangusha maganda au kukata tawi lazima aombe ruhusa. Majirani wanajua ekwar ya nani inaishia mti gani. Hiyo ni sheria ya mipaka kamili, ila haina karatasi. Na inalinda matumizi, si kipande cha ardhi. Shikeni hapo, maana ugomvi wote unaanzia hapo.

Baada ya uhuru, ardhi hii ikawa ya dhamana chini ya baraza la kaunti la wakati ule. Baraza lingeweza kutenga eneo na kugawa ploti, kwa hivyo miji ikaota kwa barua: una barua ya kugawiwa, unaweka kigingi, unajenga duka. Mti wa mtu ukiwa ndani ya ploti yako, barua haikuutaja.

Katiba ya 2010, kifungu cha 63, ikaiita ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikasema wazi kwamba ardhi ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Miaka minne kabla ya sheria hiyo, 2012, mafuta yalikuwa yamegunduliwa Ngamia 1, huku huku kusini mwa Turkana. Ghafla kila mtu akataka kigingi. Hebu fikiria: thamani ilifika kabla ya usajili.

Sasa tuje kwenye ukuta. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakutaka uwe na kibali cha kaunti kabla ya kujenga. Ukikaidi, faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Kanuni za ujenzi za 1968 nazo zimeondolewa, na zile mpya za 2024 zilianza kutumika Machi 2025. Karatasi zipo, jamani, tena nyingi.

Shida ni kwamba zote zinadhani mpaka unajulikana. Afisa akiuliza ukuta uko umbali gani na ploti ya jirani, anahitaji jiwe la mpaka lililowekwa na mpimaji. Penye barua mbili zinazopishana na ekwar ya mama mzee katikati, atapima kutoka wapi?

Mtoni ni pagumu zaidi. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza ujenzi ndani ya mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, kutegemea mafuriko ya juu kabisa yaliyowahi kurekodiwa. Kerio hukauka ukabaki mchanga, halafu mvua ya milimani kule juu inauleta wote kwa usiku mmoja, na unakula ukingo unaoutaka. Mwenye pesa anajaza mawe kwenye nyavu ili kuzuia shamba lake lisimomonyoke. Namwelewa kabisa. Lakini maji yaliyogonga mawe yake hayakuishia hapo, yanaenda kula upande wa ng'ambo, kwa yule asiye na pesa ya mawe.

Asiye na mawe anazungushia etirae, ule mti ambao Baringo wanauita mathenge. Uliletwa Turkana miaka ya 1980 kupambana na jangwa. Ni ua wa bei rahisi, ila haukai ulipowekwa: mbuzi wanakula maganda, wanabeba mbegu, na baada ya misimu michache mpaka wako umesogea bila mtu kugusa kigingi. (Baringo waliipeleka serikali kortini kwa sababu ya mti huu, na mbuzi asiye na meno akawa ushahidi. Si mzaha.)

Kwa hivyo mgombea akija Lokori na kuahidi kubomoa kuta, au kuahidi kuzilinda, muulizeni maswali matatu. Ardhi hii imesajiliwa kwa jina la jamii gani? Kibali kilipotolewa, wenye ekwar waliitwa? Na alama ya mafuriko ya juu kabisa nani aliionyesha: mpimaji aliyekuja kiangazi, au wazee walioona maji yakifika?